Nyumba ya Mfanyabiashara Hulindwa na Mpangaji

Mjadala wa nyumba kongwe za matajiri katika Afrika Mashariki umezoea kuelekea baharini. Ukizuka Nairobi au Dar es Salaam, watu hufikiria milango ya nakshi ya Lamu, kuta za matumbawe za Mji Mkongwe wa Unguja na majumba ya Mombasa yaliyogeuzwa hoteli, ofisi na makumbusho. Garissa haitajwi. Wajir hutajwa kwa visima vyake na Mandera kwa mpaka wake, na msomaji huachwa aamini kwamba kaskazini mashariki mwa Kenya palikuwa na wafugaji na askari tu, wala hapakuwa na mfanyabiashara aliyejenga kitu cha kukumbukwa. Naikataa imani hiyo kwa sababu mbili. Kwanza, upungufu wa majumba katika eneo hilo ulitengenezwa na sheria, mipaka na moto. Haukutokana na tabia ya watu. Pili, na hili ndilo ninalotaka kulitetea hapa, historia ya wafanyabiashara wa Garissa hutupa jibu la wazi kuliko la Pwani kwa swali linaloisumbua miji yetu yote: nyumba ya mfanyabiashara ikishaachwa na aliyeijenga, kinachoifanya iendelee kusimama ni nini? Jibu langu ni mpangaji. Jengo la biashara hudumu likiwa na watu wengi wadogo wanaolipa kodi na mwenye nyumba mwenye sababu ya kuwaweka. Huanza kufa likikosa mwenyewe anayejulikana, hata kama limeandikwa katika orodha zote za urithi duniani.

Tuanze na upungufu wenyewe. Mwaka 1902 serikali ya kikoloni ilipitisha sheria ya wilaya za pembezoni, na kwa miongo iliyofuata Wilaya ya Mpaka wa Kaskazini ikawa eneo lililofungwa: asiye mkazi hakuingia bila kibali, na mkazi hakutoka bila kibali. Sheria nyingine ya 1934 iliwaongezea maafisa uwezo juu ya watu na malisho yao. Karantini za mifugo nazo zilizuia ng'ombe wa kaskazini wasiuzwe kwa uhuru kusini, na kwa hiyo zikamfungia mfanyabiashara soko lake kubwa. Katika vituo vingi vidogo vya biashara vya koloni, kiwanja cha duka kilitolewa kwa leseni ya kukalia kwa muda. Mtu anayeweza kuamriwa ahame hajengi ghorofa. Hujenga chumba cha mbele cha kuuzia, ghala kwa nyuma, ua katikati, na paa la mabati ambalo likibidi litang'olewa na kupakiwa kwenye lori. Kisha kuna habari ya Kismayu. Hadi 1925 Jubaland ilikuwa sehemu ya Kenya ya Waingereza, na Kismayu ilikuwa mlango wa bahari wa nchi iliyo kati ya mito ya Tana na Juba. Baada ya makubaliano ya 1924 Uingereza iliikabidhi Italia eneo hilo. Tangu hapo mfanyabiashara wa upande wa Kenya alibaki na malisho na wateja huku bandari yake ikiwa nchi nyingine. Nyumba kubwa ambayo faida yake ingeijenga, kama ilijengwa, ilijengwa ng'ambo ya mpaka.

Hapa hutokea mtu akasema kwamba sheria hazikuwa na uzito huo, kwa kuwa Msomali mfugaji hana desturi ya kujenga kwa mawe. Ushahidi unampinga. Hamarweyne mjini Mogadishu, Merka na Barawa ni miji ya mawe ya karne nyingi, yenye nyumba za wafanyabiashara zilizo ndugu wa zile za Lamu na Pate. Barawa ina hata lahaja yake iliyo ya jamii ya Kiswahili. Wajir yenyewe imekaa juu ya mawe ya chokaa, na majengo yake ya zamani yaliyopakwa chokaa nyeupe yanathibitisha kwamba malighafi ilikuwapo. Herio, nyumba ya fito zilizopindwa na mikeka inayobebwa na ngamia, ni ufundi wa hali ya juu, tena ni kazi na mali ya wanawake, na hutumika pale ambapo kuhama ndiko kunakolinda mifugo. Familia ileile iliweza kuwa na herio malishoni na duka mjini, kama tajiri wa Pwani alivyokuwa na nyumba mjini na shamba bara. Kilichokosekana kaskazini mashariki ni miaka mingi mfululizo ya usalama wa kiwanja, na bila huo hakuna taifa lililowahi kujenga majumba.

Uhuru haukuleta usalama huo. Mwisho wa 1963 hali ya hatari ilitangazwa katika eneo hilo, na vita vilivyoitwa vya shifta vikaendelea hadi 1967. Watu walikusanywa katika vijiji vya kulazimishwa, na mifugo mingi ikapotea, na pamoja nayo mtaji wa biashara. Novemba 1980, baada ya maafisa wa serikali kuuawa mjini Garissa, vikosi vya usalama vilichoma mtaa wa Bulla Kartasi na kuwakusanya wakazi katika uwanja wa shule. Februari 1984 wanaume walipelekwa kwenye uwanja wa ndege wa Wagalla, karibu na Wajir, na wengi hawakurudi. Ripoti ya Tume ya Ukweli, Haki na Maridhiano iliyokabidhiwa mwaka 2013 imeandika matukio haya kwa urefu. Kwa hoja ninayoijenga, kuna jambo moja ambalo husemwa kwa haraka mno katika kumbukumbu hizo: pamoja na watu, zilipotea nyumba na maduka. Ghala lililochomwa lilikuwa na daftari la madeni ndani yake, mizani, magunia ya sukari na chai, na mara nyingi hati pekee iliyomwonyesha mwenye kiwanja. Sheria za hali ya hatari zilidumu hadi 1991. Kwa takribani miaka tisini, basi, aliyekuwa na fedha Garissa alikuwa na kila sababu ya kuiweka katika kitu kinachotembea, yaani ng'ombe, ngamia na malori, au kuipeleka mji mwingine.

Sheria ya urithi ya Kenya haijui lolote kati ya hayo. Sheria ya Makavazi na Urithi wa Kitaifa ya 2006, sawa na ile ya 1983 iliyoitangulia, ina mstari wa mwaka 1895, mwaka ambao Uingereza ilitangaza himaya yake hapa. Jengo lililotangulia mwaka huo lina ulinzi kwa umri wake. Lililokuja baadaye hulindwa pale tu waziri anapolitangaza kuwa mnara wa kumbukumbu. Kituo cha serikali cha Wajir kilianzishwa 1912. Karibu kila ukuta wa duka uliosimama leo kaskazini mashariki uko upande wa pili wa mstari huo, na ili ulindwe lazima mtu auombee. Lamu ina wa kuuombea: ina ofisi ya Makavazi ya Kitaifa, na tangu 2001 iko katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO. Duka la mabati la miaka ya 1950 mjini Garissa halina wakili. Mstari uliochorwa kwa nia njema ya kulinda magofu ya Gedi na Takwa umeliacha nje eneo ambalo serikali ileile ililizuia lisijenge.

Sasa twende Nairobi, kwa sababu ndiko ilikokwenda fedha ya Garissa. Eastleigh iliundwa mwaka 1921 kwa kuunganisha vitongoji viwili, na kwa miongo mingi wenye nyumba wake wakuu walikuwa Wahindi, pamoja na Wasomali, hasa wa koo za Isaaq, waliofika Kenya mapema kama askari, wapagazi na wafanyabiashara wa mifugo. Nyumba ya mwenye duka wa Kihindi katika Eastleigh haikuwa kasri, lakini ilijengwa kwa akili nzuri: vyumba vimezunguka ua, mlango mmoja unatazama barabara, biashara iko mbele na familia nyuma. Baada ya uhuru Wahindi wengi walihamia Parklands na kwingineko, na nyumba zikapata wenyewe wapya. Mpango ule wa vyumba na ua ulikuwa rahisi kugeuzwa. Familia moja ikitoka, wapangaji kumi wanaingia, kila mmoja na chumba chake, na ua unabaki wa wote. Hivyo mtaa ukajaa loji, na loji zikawapokea wasafiri waliotoka Garissa, Wajir, Mandera na Moyale kwa mabasi na malori ya ng'ombe. Mojawapo iliitwa Garissa Lodge.

Serikali ya Somalia ilipoanguka Januari 1991, wakimbizi walimiminika Kenya. Wengi waliishia Dadaab, katika wilaya ya Garissa, kwenye kambi za Ifo, Dagahaley na Hagadera zilizofunguliwa 1991 na 1992. Waliokuwa na fedha kidogo, au ndugu, walifika Eastleigh. Katika vyumba vya Garissa Lodge watu walianza kuuza nguo, vitambaa, manukato na vifaa vya umeme, bidhaa nyingi zikitoka Dubai kwa njia ya Somalia. Usiku chumba kilikuwa cha kulala; mchana mzigo ulitolewa chini ya kitanda na kitanda kikawa meza. Wanawake walikuwa miongoni mwa wauzaji wa mwanzo, jambo lisilomshangaza mtu anayejua ni nani hushika biashara ya maziwa na nguo katika masoko ya Garissa. Wateja waliongezeka, kodi ya chumba cha kuuzia ikapita kodi ya chumba cha kulala, na nyumba ya wageni ikageuzwa rasmi kuwa maduka. Watafiti wa mtaa huo, akiwamo Neil Carrier katika kitabu chake cha 2016 kuhusu Eastleigh, huihesabu Garissa Lodge kuwa chimbuko la maduka makubwa ya Eastleigh. Amal Plaza na mengine mengi yalifuata, na mtaa ukawa kituo cha mauzo ya jumla kinachowalisha wafanyabiashara wa Kampala, Mwanza na Goma.

Kinachonivutia zaidi katika kisa hiki ni kile kilichobaki. Jengo lilibadilika, wenyewe walibadilika, na bidhaa zikabadilika, lakini kipimo cha chumba hakikubadilika. Ukiingia katika plaza za Eastleigh, hata zile za ghorofa nyingi zilizojengwa upya kabisa, unakuta chumba kidogo cha mpangaji mmoja, mlango unaotazama nafasi ya pamoja, na mamia ya vyumba vya aina hiyo vilivyopangwa kukizunguka kijia au uwazi wa kati. Mpangaji hulipa gudwili ya kuingilia, na fedha hizo, zikikusanywa mapema kutoka kwa wapangaji watarajiwa, husaidia kujenga jengo lenyewe. Wenye nyumba hupata mtaji usio na riba, jambo lenye uzito kwa Mwislamu, na mpangaji hupata haki anayoweza kumwachia mwingine. Huo ndio mpango wa zamani wa ua na vyumba, uliochukua sura ya zege. Mfanyabiashara wa kaskazini mashariki, aliyenyimwa kiwanja cha kudumu kwa miaka tisini, alibuni jengo ambalo uhai wake hautegemei ukuta. Hutegemea mkataba kati ya mwenye nyumba na wapangaji mia. Baada ya hapo fedha zilirudi nyumbani: mjini Garissa leo majengo ya maduka ya ghorofa yamesimama karibu na Soko la Mugdi, na mpango wake ni uleule.

Pwani, ukiitazama kwa jicho hili, inasema jambo lilelile kwa lugha nyingine. Tharia Topan, Mhindi tajiri aliyesimamia forodha za Sultani wa Zanzibar, aliweka jiwe la msingi la hospitali mbele ya bandari ya Unguja mwaka 1887, akafa 1891 kabla haijakamilika. Jengo lilimalizika 1894, na baadaye wakfu wa mfanyabiashara mwingine wa Kihindi ukaligeuza: zahanati ya maskini chini, makao ya kupangisha juu. Mpango huo wa mchanganyiko uliliweka hai kwa miongo mingi. Baada ya Mapinduzi ya 1964 likawa la serikali, wakazi wake wakatawanyika, na kwa kuwa lilikuwa la wote halikuwa la yeyote. Kufikia miaka ya 1980 lilikuwa linaoza. Shirika la Aga Khan la utamaduni lililitengeneza katika miaka ya 1990 na kulifanya kituo cha utamaduni chenye maduka na ofisi. Nyumba ya Topan mwenyewe, Hurumzi, ni hoteli. Mambo Msiige, iliyojengwa karibu na 1850 kwa ajili ya mfanyabiashara Salim bin Harith, imewahi kuwa ya wamisionari, ya ubalozi mdogo wa Uingereza, hospitali na ofisi za serikali, na tangu 2015 ni hoteli ya Park Hyatt, baada ya UNESCO kulalamikia ukubwa wa jengo jipya lililoongezwa kando yake. Kuta zimepona, na waliozikarabati wanastahili shukrani. Lakini kijana wa mtaa wa Ng'ambo mjini Unguja ana sababu gani ya kupita mlango wa Mambo Msiige leo? Jengo la mfanyabiashara lilikuwa na baraza, mahali pa wapagazi, mabaharia, wakopaji na wadai. Ukilibakiza jiwe na kuwaondoa hao, umehifadhi nusu ya habari.

Makumbusho nayo si kinga. Beit al-Ajaib, kasri la Sultani Barghash la 1883, lilikuwa makumbusho mashuhuri kuliko yote Zanzibar. Likafungwa kwa sababu ya uchakavu, na tarehe 25 Desemba 2020, likiwa katikati ya ukarabati, sehemu yake kubwa ikaanguka na kuua watu. Hilo ni kasri la mtawala, na sababu za kuanguka kwake ni za kihandisi kabla ya kitu kingine chochote. Nalitaja kwa sababu linaondoa dhana kwamba kulipa jengo jina la makumbusho ni sawa na kuliwekea mtu wa kuziba paa kila masika.

Pingamizi kubwa kwa hoja yangu ni hili: Garissa Lodge haikuhifadhiwa, iliraruliwa. Mtu wa uhifadhi atasema kwamba Eastleigh imebomoa karibu nyumba zake zote za ua, imeweka zege na vioo mahali pake, imeacha maji machafu barabarani kwa miaka mingi na imejenga vijia ambamo moto ukizuka hakuna pa kukimbilia. Ana haki katika kila neno. Sidai kwamba biashara ina ruhusa ya kufanya lolote, wala kwamba mpangaji anatosha peke yake. Nadai kwamba mpangaji ndiye sharti la kwanza, na masharti mengine yajengwe juu yake. Katika nyumba ya ua, vitu vinavyostahili kulindwa vinajulikana: ua wenyewe ubaki wazi kwa hewa, mwanga na njia ya kutokea, mlango na baraza la mbele vibaki, ngazi isizibwe, vyumba viweze kugawanywa lakini visiunganishwe kuwa ukumbi wa duka moja kubwa. Masharti haya manne hayapunguzi mapato ya mwenye nyumba kwa kiasi cha kumfanya abomoe, na mawili kati yake yanaokoa maisha moto unapozuka. Eastleigh ilibomolewa kwa sababu hakuna aliyewahi kuweka sharti lolote kati ya amri ya kuhifadhi kila jiwe, ambayo haikutolewa, na kibali cha kubomoa, ambacho kilipatikana. Garissa bado iko mwanzoni mwa njia hiyo.

Pingamizi la pili ni la mtu mwenye uchungu na eneo lake, na ndilo linalostahili heshima zaidi. Garissa ina ukame, ina uhaba wa maji na walimu, na mwaka 2015 ilishuhudia mauaji ya watu 148 katika Chuo Kikuu chake. Kaunti ina deni la barabara na zahanati. Ni nani atakayesimama katika bunge la kaunti kuombea fedha duka la mabati? Ningemjibu kwamba katika eneo hili kumbukumbu ya jengo na ushahidi wa haki ni kitu kimoja. Waliochomewa nyumba Bulla Kartasi mwaka 1980 walikuwa na kazi ngumu ya kuthibitisha walichopoteza, kwa kuwa hakuna daftari la umma lililoonyesha duka lilikuwa wapi, la nani, lenye vyumba vingapi, na nani alipanga. Ardhi ya sehemu kubwa ya kaskazini mashariki ilikuwa chini ya mabaraza ya kaunti za zamani kama ardhi ya amana, na viwanja vingi vya mjini viliishi kwa barua za ugavi bila hati. Daftari la majengo ya biashara, lenye picha, vipimo na historia ya wenyewe na wapangaji, lingekuwa kazi ya urithi na wakati huohuo kinga ya raia wakati wa fidia, ugomvi wa mpaka wa kiwanja au upanuzi wa barabara. Gharama yake ni mishahara ya wapima ardhi na vijana wachache waliosoma. Jengo la makumbusho lingemeza fedha mara nyingi zaidi.

Lipo pingamizi la tatu ambalo halisemwi hadharani. Kaskazini mashariki, ukichagua nyumba ya tajiri mmoja na kuipa bango, umechagua ukoo. Watakaoachwa watauliza kwa nini babu yao hakuonekana, na swali hilo lina njia ya kufika kwenye kampeni za uchaguzi. Ndiyo sababu nyingine ya kulipendelea daftari kuliko mnara. Daftari huandika kila jengo linalotimiza vigezo, na likiandika wapangaji litaonyesha kitu ambacho siasa za koo hukificha: kwamba biashara ya miji hii ilijengwa na watu mchanganyiko. Waarabu wa Yemen, Wahindi, Wasomali wa koo za Harti na Isaaq waliofika na serikali ya kikoloni, Wakamba na Wameru wa miraa na mboga, wanawake wa ukoo huu waliopanga chumba kwa mtu wa ukoo ule. Katika nyumba ya ua, ukoo wa mwenye nyumba ni jina moja tu kati ya majina mengi.

Nyumba nyingi za wafanyabiashara, Lamu kama Garissa, huuawa na jambo la kimya kuliko moto, yaani mirathi. Tajiri hufa akiwa na wake na watoto wengi; sheria ya Kiislamu humpa kila mmoja fungu lake, na baada ya vizazi viwili nyumba moja ina warithi arobaini, baadhi wakiwa Minneapolis, Dubai na Johannesburg. Hakuna mwenye fungu kubwa la kumfanya atengeneze paa. Lamu nyumba za hali hiyo nyingi zimeuzwa kwa wageni kutoka Ulaya waliokuwa na fedha za kuzikarabati, na huo ni wokovu wa ukuta ambao wenyeji wameulipia kwa kuhamia pembezoni mwa mji wao. Garissa haina mnunuzi wa aina hiyo, kwa hiyo warithi huuza kiwanja na jengo hubomolewa. Chombo cha kulizuia hilo kimo ndani ya dini na sheria ya warithi wenyewe. Mfanyabiashara akiwa hai anaweza kuifanya nyumba, au sehemu yake, wakfu: kodi ya vyumba vya chini igawiwe dhuria wake, au ilipe karo za mayatima, na sehemu fulani itengwe kwa matengenezo kabla ya kugawa chochote. Jengo la Topan liliishi kwa mpango wa namna hiyo. Kenya ina sheria ya wakfu tangu zama za ukoloni na Mahakama za Kadhi zilizotajwa katika Katiba, lakini kwa muda mrefu uzoefu wa kusimamia wakfu umekuwa zaidi Mombasa na Malindi. Masheikh na mawakili wa Garissa wangefanya kazi kubwa kwa kuandika vielelezo vya hati za wakfu vinavyomlinda mpangaji pamoja na mrithi, na kuweka wazi kwamba msimamizi asiyetengeneza paa anaondolewa.

Serikali za kaunti zina uwezo wa kutosha kuanza bila kusubiri waziri wala UNESCO. Jedwali la Nne la Katiba ya 2010 limeiachia serikali ya kitaifa minara ya kumbukumbu ya kale na ya kihistoria yenye umuhimu wa kitaifa, na likazipa kaunti makavazi, masoko, leseni za biashara na mipango ya miji. Leseni na kodi ya viwanja zina nguvu kuliko bango la urithi, kwa sababu zinamgusa mwenye nyumba mfukoni. Kaunti ya Garissa inaweza kumpunguzia kodi ya kiwanja mwenye duka la kabla ya 1970, kwa mfano, anayetunza ua na baraza na mwenye wapangaji wasiopungua idadi fulani; inaweza pia kukataa kibali cha kubomoa hadi michoro na picha za jengo ziwekwe katika hifadhi ya nyaraka ya kaunti. Wapo watakaotaka masharti makali zaidi. Nadhani wakiyapata watapoteza majengo yenyewe, maana mwenye nyumba anayeogopa kutangazwa mlinzi wa urithi hubomoa usiku kabla ya tangazo, na jambo hilo limeonekana katika miji mingi iliyoanza na makatazo kabla ya kutoa nafuu.

Maafisa wa kodi hupita kiwanja kwa kiwanja wanapotayarisha orodha ya uthamini wa mji. Fomu wanayobeba ina nafasi ya namba ya kiwanja, ukubwa, mwenyewe na thamani. Iongezwe mistari mitano: mwaka wa kujengwa, aliyejenga, matumizi yaliyopita, idadi ya wapangaji wa sasa, na picha ya ua. Kazi hiyo ianzie Soko la Mugdi na mitaa inayolizunguka, kisha maduka ya zamani ya Wajir, halafu Mandera, na ifanywe sasa, wakati wazee wanaokumbuka nani alikuwa akiuza wapi kabla ya 1980 wangali hai na wanaweza kuulizwa mlangoni.